Asubuhi Gari Lilipokataa Kuitika Rimoti

Jerop mwanangu,

Wewe na baba yako mmeshuka madukani kutafuta kufuli la sanduku lako, na nyumba nimebaki nayo peke yangu. Nikingoja mrudi sitaandika kitu, kwa hiyo nimeketi hapa mezani jikoni, kati ya makoti yako mawili uliyoshindwa kuchagua.

Mambo ya soksi, ya uji wa asubuhi na ya kunipigia ukifika nimeyasema mpaka nimejichosha mwenyewe. Umekuwa ukinijibu “Okay, Mum” kwa sauti ileile niliyomjibu nayo nyanya yako pale Molo, nikifunga virago kuja Uingereza. Kwa hiyo najua hakuna hata moja lililoingia. Barua hii si ya hayo. Ni ya juma moja la Januari, mwaka wako wa mwisho chuoni, ambalo mimi na baba yako hatukukusimulia lote. Kesho unakwenda Winnipeg, kwa watu ambao wakisikia tunaiita hii ya Birmingham baridi watatucheka. Nataka uende ukijua zawadi yako ilitufanyia nini.

Ile rimoti ya gari unaikumbuka, maana ni wewe uliyeinunua. Kiangazi kile ulichofanya kazi ghalani ulirudi nyumbani na kijiboksi mkononi na fundi wa kukifunga nyuma yako, ukasema baba hataketi tena kwenye gari baridi. Figo zake zilikuwa zimekwisha kusimama. Mara tatu kwa wiki, asubuhi na mapema, nilikuwa nikimpeleka hospitali kule Bordesley Green ili damu yake isafishwe kwa mashine. Ugonjwa huo hupunguza damu, na mtu mwenye upungufu wa damu husikia baridi ambayo sisi wengine hatuisikii. Kabla hatujafika mwisho wa barabara yetu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na misuli ya miguu inamkaza hata anauma meno.

Kifaa chako kikabadilisha asubuhi zetu. Nilikuwa nikisimama dirishani hapa jikoni, nabonyeza, na gari pale mbele ya mlango linajiwasha lenyewe, milango imefungwa, hita inapuliza. Baba yako akimaliza kuvaa, barafu imeyeyuka kiooni na kiti kimepata joto. Alikuwa akiingia kama waziri. “Jerop amenitumia dereva,” alikuwa akisema, kila mara, na kila mara akijicheka mwenyewe.

Kabla ya Krismasi halikukataa hata siku moja. Kisha ikaja ile Januari iliyokuwa ikiganda usiku na kuyeyuka mchana, ikaganda tena. Asubuhi moja nikabonyeza, taa za pembeni za gari zikapepesa, zikazima. Injini kimya. Nikabonyeza tena. Taa zikapepesa vilevile, basi. Nikatoka na ufunguo, nikauzungusha, na injini ikaitika palepale kwa nguvu zake zote. Lakini kioo kilikuwa kimefunikwa barafu, na hakuna hita ya kuiyeyusha. Nikarudi ndani nikachukua birika la maji ya uvuguvugu, nikamwaga kiooni, nikakwangua, nikamwaga tena. Baba yako alikuwa ameketi ndani ya gari akitetemeka, mikono ameibana makwapani. Tukafika hospitali. Akishuka ndipo akaniambia, “Leo dereva wa Jerop amelala.”

Mchana nikajaribu, gari likawaka. Nikafurahi. Asubuhi ya hospitali iliyofuata likakataa.

Sasa nikueleze nilivyohangaika, maana hapo ndipo nilipojifunza kitu. Kwanza nikabadilisha betri ndogo ya rimoti, kwa sababu jirani aliniambia baridi huzimaliza betri hizo. Haikusaidia. Nikakupigia simu wewe, ukiwa katikati ya kusoma, nikakuuliza kama mtu anayeuliza jambo dogo tu. “Mum, ni betri ya gari,” ukanijibu. “Kwenye baridi it's always the battery.” Nikanunua betri mpya ya gari, nikafungiwa, nikalala kwa amani. Asubuhi, taa zikapepesa na injini ikanyamaza.

Usijilaumu. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu mkononi. Kila asubuhi nilikuwa nazungusha ufunguo na injini inawaka bila kusita. Betri iliyochoka haiwashi gari hivyo. Ufunguo ulikuwa unaniambia kila siku kwamba betri ni nzima, ila mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa na haraka ya kununua kitu, kwa sababu kununua kunafanana na kutengeneza.

Kisha nikaenda kwa Abdi, yule fundi wa Bordesley Green aliyekulia Eastleigh. Alifungua, akapima nyaya, akaniambia nibonyeze. Gari likawaka. Nikabonyeza tena, likawaka tena. Akajifuta mikono akacheka. “Mama, hii gari haina shida. Iko fiti kuliko mimi.” Karakana yake ilikuwa na hita mbili kubwa za gesi, na mimi nilifika kwake saa nane mchana. Nilikuwa nimepeleka ugonjwa kwa daktari wakati umelala. Yeye hakujua, na mimi sikumwambia kwamba jambo lenyewe hutokea asubuhi tu, wakati kila kitu kimeganda. Nilisema tu, “Rimoti haifanyi kazi.” Ukienda kwa mtu akusaidie, Jerop, mweleze mambo yanatokea lini na yanakuwaje. Usimpe neno moja na kumtarajia aote yaliyobaki.

Jumanne ya juma lile nililokuambia, gari lilikataa tena. Nilikuwa nimekwisha kutoka nje na birika langu. Niliporudi ndani kumwita baba yako nilimkuta ameketi kwenye ngazi, koti amevaa, viatu amevaa, lakini hainuki.

“Twende, tumechelewa,” nikamwambia.

“Mimi siendi.”

“Huendi wapi?”

“Siendi kuketi ndani ya lile jokofu. Niache leo, Mama Jerop. Nitaenda Alhamisi.”

Nilimkaripia. Nilimwambia anajifanya mtoto mdogo, kwamba watu wa maana hawaogopi baridi ya robo saa, kwamba yuko pale akidai starehe na mimi nimetoka kazini usiku kuhudumia wazee wa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika ukingo wa ngazi, akapanda polepole, akalala na koti lake.

Nilikosea mno asubuhi ile, na nilikosea kwa sababu nilidhani tunazungumza juu ya baridi. Baadaye aliniambia. Sindano zilikuwa zinamuuma, mashine ilikuwa inamchosha, chakula alikuwa anapimiwa, maji anapimiwa. Katika siku nzima ya hospitali, ile robo saa ndani ya gari lenye joto ndiyo ilikuwa sehemu pekee isiyomuumiza. Ilipoondoka, hakubaki na kitu cha kumtoa kitandani.

Muuguzi akapiga simu kabla ya saa sita. Alisema kwa upole lakini hakuzunguka: Alhamisi asikose, na akianza kupumua kwa shida nisingoje, niite ambulensi. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Na jioni hiyohiyo ukapiga simu wewe. Alichukua simu, akachangamka ghafla, akakuambia anaangalia mpira na timu yake inampa presha. Mlicheka. Alipoiweka simu chini alinitazama, akasema, “Ana mitihani.” Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo maana hukujua.

Jumatano ukungu ulishuka ukaganda juu ya kila kitu, ua, waya, mapipa ya taka, na jua halikutoka kabisa. Saa saba mchana barafu ilikuwa bado ipo kama alfajiri. Nilitoka nje na rimoti, si kwa mpango wowote bali kwa hasira. Nikabonyeza, taa zikapepesa. Nikabonyeza tena. Nadhani nililitukana gari kwa Kikalenjin, na ukijua nilivyo wa kanisani utajua nilikuwa nimefika wapi.

Nikasikia kioo kinagongwa juu. Baba yako alikuwa amesimama dirishani chumbani, blanketi mabegani, na kilemba changu cha kulalia kichwani. Akafungua dirisha kidogo.

“Zimepepesa mara ngapi?”

“Nini?”

“Hizo taa. Nimelala hapa naziona kwenye dari. Kila ukibonyeza zinapepesa mara tano. Siyo nne wala sita. Mashine haipepesi bure.”

Unajua ujanani alikuwa fundi wa simu Nakuru, akipanda nguzo kutafuta mahali laini ilipokatika. Sikuwa nimemsikia akiongea kwa sauti ile kwa miezi.

“Ingia ndani ya gari,” akasema. “Kanyaga breki, halafu bonyeza.”

Nikaingia, nikakanyaga, nikabonyeza. Nikamsikia juu akihesabu. “Tatu! Umeona? Breki ni tatu. Kila sababu ya kukataa ina hesabu yake. Sasa tutafute tano ni nini.”

Tukajaribu mlango mmoja wazi. Ikawa namba nyingine. Tukajaribu gia ikiwa si mahali pake. Namba nyingine tena. Nilikuwa nimeanza kusikia joto masikioni, ile furaha ya kuwinda. Akafikiri kidogo, akasema, “Fungua boneti. Halafu usibonyeze hapo ulipo. Rudi nyuma mpaka mlangoni kwanza.”

Nikafungua boneti, nikarudi mpaka mlangoni, nikabonyeza.

“Tano,” akasema.

“Kwa hiyo?”

“Sasa ifunge. Ifunge vizuri, igonge. Rudi mlangoni. Bonyeza.”

Nikafanya hivyo. Tukahesabu pamoja, mimi chini na yeye juu, kama watoto wa chekechea. Tano.

Akachungulia nje kuitazama boneti. Kisha akapiga kofi kwenye fremu ya dirisha. “Basi! Gari halijui kwamba umefunga boneti. Linadhani mtu ana mikono yake ndani. Linakataa kumkata mtu vidole!”

Nilipofika ndani, yeye alikuwa amekwisha shuka ngazi. Peke yake, Jerop, na miguu ile. Akavuta kiti cha jikoni akakiweka mlangoni, akaketi pale na blanketi lake, akanyoosha mkono. “Nipe rimoti.” Nikampa. Akaifungua, akatoa betri yake, akaitia mfukoni. “Sasa ingiza mkono.”

Kwenye ukingo wa boneti, nyuma karibu na kioo, fundi wako alikuwa amefunga swichi ndogo yenye kijiti cha springi. Boneti ikishuka hukibonyeza kijiti, na kifaa kinajua pamefungwa. Nilikuta kijiti kimeganda katikati. Nilipokisukuma kwa kidole hakikushuka. Barafu ilikuwa imejaa chini yake, na kutu imekizunguka pande zote. Hita za Abdi ziliiyeyusha barafu ile, na kwake kijiti kikashuka. Jua la mchana nalo liliiyeyusha. Asubuhi ikajifunga tena.

“Maji yamefikaje hapo?” baba yako akauliza. “Hapo pana kivuli cha boneti.”

Nilitazama kioo cha gari, nikatazama mtaro mdogo ulio chini yake, nikafuata kwa kidole njia ambayo maji hupita yakishuka. Inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ile swichi. Nikageuka nikamtazama.

“Birika langu,” nikasema.

Mara ya kwanza huenda ilikuwa ni mvua tu iliyoganda. Lakini kila asubuhi baada ya hapo, mimi mwenyewe kwa mikono yangu nilikuwa nikiimwagia swichi maji, nikiiachia usiku uyagandishe, kisha nikija safari nyingine kushangaa. Haraka yangu ya kumsaidia ndiyo iliyokuwa ikimnyima joto. Nilitaka kulia. Baba yako alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika ubavu, na jirani akachungulia. “Mama Jerop,” akasema, “umekuwa ukiinywesha chai bila majani!” Na mimi nikacheka, nikiwa nimeinama ndani ya injini, makamasi yananitoka.

Tulikikausha kijiti kwa mashine yako ya nywele uliyoiacha chini ya kitanda. Nikakisugua kwa msasa, nikapaka grisi. Kisha nikampigia Abdi, na safari hii nikamweleza kila kitu: asubuhi tu, baridi tu, mara tano, boneti. Hakuniacha nimalize. “Mama, hapo umeshika mwizi!” Jioni akaja mwenyewe na swichi mpya yenye kofia ya mpira, tukaihamisha juu zaidi ambako maji hayapiti. Alisema kuna wateja humwambia akate tu waya wa swichi hiyo ili kifaa kisiulize habari za boneti tena. Baba yako akatikisa kichwa. “Usikate. Siku moja mke wangu atakuwa ameinama humo, na mimi nitakuwa jikoni na rimoti.”

Neno hilo nimelibeba sana. Kwa juma zima niliona kifaa chako kimetusaliti, na hasira yote nikaielekeza kwake. Kumbe kilikuwa kinafanya kazi yake kwa uaminifu, kinalinda mikono ya mtu ambaye hayupo. Utakutana na watu watakaokukatalia, na wewe utakatalia watu. Kabla hujapiga mlango teke, hesabu kwanza taa zimepepesa mara ngapi. Mimi ningemuuliza baba yako pale kwenye ngazi, “Kwa nini, hasa?” nisingehitaji kumsikia akiniambia baada ya miezi.

Alhamisi ilikuwa baridi kuliko siku zote za majira yale. Nilipoamka nilimkuta amekwisha vaa, kofia kichwani, amesimama dirishani jikoni kama mtu anayengoja wageni. Rimoti ilikuwa mkononi mwake.

“Nibonyeze mimi,” akasema.

“Bonyeza.”

Akabonyeza. Taa zikapepesa mara moja. Tukasogea wote wawili mpaka kiooni, na naapa nilisikia friji ikinguruma. Kisha injini ikavuta pumzi, ikashika, ikanguruma, na moshi mweupe ukapanda nyuma ya gari kwenye ile alfajiri.

“Imeitika!” baba yako akapiga kelele. “Imeitika! Imeitika!” Akanishika mkono, akanizungusha pale kati ya meza na sinki, na miguu ile iliyovimba ikapiga hatua za harusi ya kwao. Dirisha la jirani likawaka taa. Mimi nililia tu. Sikuwa na la kufanya na uso wangu. Tulipotoka, barafu ya kioo ilikuwa imekwisha teleza yenyewe vipandevipande, na birika lilikuwa jikoni, tupu. Akaingia, akafunga mlango, akaweka mikono yote miwili kwenye hita. “Dereva wa Jerop amerudi kazini,” akasema. “Haya, twende.”

Hakukosa tena. Hata siku ya theluji, hata siku aliyokuwa na mafua. Wauguzi walianza kumtania kwamba anafika kabla yao. Na kwa sababu hakukosa, mwili ukashika nguvu. Madaktari waliokuwa wanasita kama atahimili upasuaji wakamwacha kwenye orodha ya wanaongoja figo. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo: simu ile ya Agosti kwamba figo imepatikana, joto limetubana, wewe umevaa ndara, mimi nimeacha nyama jikoni, tukakimbia na madirisha ya gari wazi na hakuna aliyekumbuka hata kama tuna rimoti. Ulichokuwa hujui ni kwamba njia ya kufika siku ile ilipitia kwenye kijiti kile, na kwenye kiti cha jikoni kilichowekwa mlangoni.

Ndiyo maana nacheka ukiniuliza kama nitakuwa sawa ukienda. Jerop, mimi nimeinama ndani ya injini siku ya ukungu wa barafu na nimetoka mshindi. Na wewe ni mtoto wa watu wawili wanaohesabu taa. Huko Winnipeg vitu vitagoma, magari na watu pia, na moyo wako mwenyewe asubuhi fulani utakataa kuwaka. Usiharakishe kununua betri. Ita mtu asimame dirishani, mhesabu pamoja.

Nawasikia mlangoni. Baba yako anaimba, na kwa sauti hiyo kufuli limepatikana. Sasa anapanda ngazi na lile sanduku tupu begani, anazipanda mbilimbili, na wewe unamfuata nyuma ukimpigia kelele apunguze mwendo, naye hakusikilizi kabisa.

Mimi niliyekuzaa, ninayekuachia kwa moyo uliojaa,
Mama